Bandari ya Kilwa: Tunairudisha kwa ajili ya nani?

KATIKA mambo ambayo Waislamu wa nchi hii tumeyasikia mara nyingi bila kuyatafakari ni habari ya Kilwa Kisiwani. Kila aliyesoma historia shuleni anajua kuwa palikuwa na dola, palikuwa na sarafu, palikuwa na msikiti mkubwa. Mtihani ukishapita, daftari linafungwa. Leo nataka tulifungue tena daftari hilo, na nia yangu si kusifu utukufu wa mababu. Nataka tujadili swali la haki. Bandari ya kale inaporudishiwa mandhari yake, inarudishwa kwa ajili ya nani, na nani anabeba gharama yake?

Mwaka 1981 UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakaingizwa pia katika orodha nyingine isiyopendeza, ile ya urithi ulio hatarini kupotea. Mvua ilikuwa inapenya katika kuta, mizizi ya miti inapasua mawe, na bahari inakula ufukwe mpaka kwenye misingi. Ngome ya Gereza, iliyo ukingoni kabisa mwa maji, ilikwisha kupoteza sehemu ya ukuta wake wa upande wa bahari. Ilichukua miaka kumi, hadi mwaka 2014, ndipo Kilwa ikatolewa katika orodha hiyo ya hatari.

Katika miaka hiyo kumi kazi kubwa ilifanyika. Mafundi, wakiwemo wakazi wa kisiwani wenyewe, walishikiza kuta kwa chokaa badala ya saruji, kwa sababu saruji ni ngumu mno kwa mawe ya matumbawe. Inafungia chumvi na unyevu ndani, na jiwe linaoza likiwa limefunikwa. Ufukweni yaliwekwa makasha ya waya yaliyojazwa mawe ili kuvunja nguvu ya mawimbi, na ikapandwa mikoko. Fedha nyingi zilitoka kwa wafadhili wa nje, wakiwemo Wafaransa, Wajapani, Wanorwe na Wamarekani. Hilo nalo tuliweke akilini, tutalirudia.

Ndugu msomaji, zingatia hiyo mikoko. Ndani yake ndimo lilimo suala lenyewe. Watu wengi wakisikia kuhifadhi Kilwa wanadhani ni kuziba nyufa za majengo. Lakini majengo yale hayakushuka kutoka angani. Yalitoka katika mandhari ile ile ya kisiwa na bahari yake. Mawe ni matumbawe. Chokaa ni matumbawe yaliyochomwa juu ya tanuri la magogo. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, vyumba vya nyumba za kale za pwani vikawa vyembamba kwa kipimo cha boriti. Mti wa matopeni ndio uliompimia tajiri wa Kilwa upana wa sebule yake.

Na mikoko hiyo hiyo ikiwa hai ndiyo inayolinda ufukwe. Mlilana husimama mbele kabisa kupokea mawimbi, mkoko hushika tope kwa mizizi yake iliyopanuka kama miguu ya buibui, na nyuma yake hufuata msinzi, mkandaa na mchu. Ukiikata ukuta huo wa kijani, wimbi linafika kwenye ukuta wa mawe likiwa na nguvu zake zote. Ndiyo maana nasema hakuna kuiponya Gereza wala Msikiti wa Malindi ulio jirani yake bila kuuponya ufukwe. Anayetengeneza ukuta akaacha ufukwe ni sawa na anayepaka rangi mlango wa nyumba isiyo na paa.

Sasa ipo sababu ya mimi kuingia katika jambo hili. Naishi Mbingu, bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, mahali ambapo bahari ni habari ya kusimuliwa. Nyuma yetu ni milima ya Udzungwa, mbele yetu ni mashamba ya mpunga na tambarare linalofurika kila masika, na katikati inapita reli ya TAZARA. Usiku mmoja baada ya swala ya Isha tulikuwa barazani kwenye msikiti wetu, mazungumzo yakafika Kilwa. Kijana mmoja mkulima akaniuliza, "Mwalimu, hayo mawe ya Kilwa yatatusaidia nini sisi? Huku kalvati likibebwa na maji tunangoja mwaka mzima bila kuona lori la kokoto."

Baadhi ya waliokuwepo walicheka. Mimi naona swali lile ni zito, na halijibiwi kwa kumwambia kijana kwamba hajui historia. Anajua vizuri sana anachokisema. Watu wa bonde hili neno hifadhi tumelisikia kwa namna yake. Mwaka 2002 tambarare la Kilombero liliingizwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Mwaka 2012 ikaja operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao bondeni. Sikatai kuwa ng'ombe walikuwa wengi na ardhi ilikuwa inachoka. Lakini mtu aliyeona boma la jirani yake likivunjwa kwa jina la kuhifadhi hawezi kulisikia neno hilo kama mtalii anavyolisikia.

Nilimjibu kijana kwa jambo la kwanza lililo wazi, nalo ni maji. Mto Kilombero ndio unaoipatia Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Rufiji inamwaga maji hayo baharini kaskazini ya Kilwa, katika delta yenye mikoko ya zaidi ya hekta 50,000, msitu mkubwa kuliko yote ya aina hiyo katika Afrika Mashariki. Mti unaokatwa katika miteremko ya Udzungwa, mfereji unaochimbwa Mngeta, na bwawa la Julius Nyerere lililoanza kujazwa maji Desemba 2022 na kuzuia tope lililokuwa likishuka, yote haya yanafika kwenye delta kwa namna fulani. Bara na pwani si nchi mbili. Historia nayo inasema hivyo. Vita vya Maji Maji vilianzia Nandete, milima ya Matumbi, nyuma ya Kilwa, mwaka 1905, na mwezi Agosti mwaka huo huo vilikuwa vimeshafika kwenye boma la Mahenge, ng'ambo ya bonde letu.

Lakini jibu la maji halitoshi, kwa sababu kijana hakuuliza kama tunahusiana. Aliuliza kama ni haki kutangulizwa mawe ya waliokufa wakati walio hai wana shida. Na swali hilo lina sura tatu ambazo ni lazima tuzikabili moja baada ya nyingine.

Sura ya kwanza ni ya dini. Wapo ndugu zetu wanaosema Uislamu haujali magofu. Kwamba kutumia mali kwa mawe yaliyobomoka ni israfu, na kuyatukuza kunakaribia jambo baya zaidi. Tahadhari hiyo ina msingi wake na siidharau. Hata hivyo Allah (s.w.t.) ametutaka tutembee katika ardhi tuangalie mwisho wa waliotutangulia. Utaangalia nini kama kila alama imefutika? Isitoshe, Msikiti Mkuu wa Kilwa si gofu la kawaida. Ni msikiti. Ulijengwa, ukapanuliwa sana katika karne ya 14 zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na ukatolewa kwa ajili ya Allah. Mafaqihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, wanasema msikiti ukibomoka hautoki katika waqfu. Kiwanja chake hakiuzwi wala hakigeuzwi kuwa kitu kingine. Mahanbali wameruhusu waqfu uliokosa manufaa uuzwe, lakini kwa sharti kwamba thamani yake iendeleze manufaa yale yale kwingine. Kwa kauli zote mbili, hakuna aliyesema uachwe uliwe na bahari. Basi anayeulinda ufukwe wa Kilwa analinda amana ya watu ambao hawawezi tena kuisimamia wenyewe.

Na hapa ndipo fedha za wageni zinapotuuma. Waqfu wa Waislamu uliokolewa kwa michango ya Paris, Tokyo, Oslo na Washington. Tunawashukuru, na asiyeshukuru watu hamshukuru Mola wake. Lakini tunajenga misikiti ya marumaru Kariakoo na Magomeni kwa harambee ya mwezi mmoja. Je, kuna kamati ngapi za misikiti Dar es Salaam zilizowahi kuchangia hata kikapu kimoja cha chokaa kwa msikiti ambao ni mama wa misikiti mingi ya pwani hii?

Sura ya pili ni ya ukweli. Tukisema turudishe mandhari ya bandari, turudishe ya mwaka gani? Ile ya 1331, Ibn Battuta alipofika na kumkuta sultani aliyeitwa Abul Mawahib, baba wa vipawa? Anasimulia kuwa sultani huyo alikutana na fakiri mmoja kutoka Yemen wakati akitoka kwenye swala ya Ijumaa, fakiri akamwomba nguo alizovaa, naye akaenda kuzivua akampa. Ni picha nzuri, na kila mwenye kuandika juu ya Kilwa huipenda. Wakati huo dhahabu ya Sofala ilikuwa inapita hapo, na sarafu yenye jina la sultani huyo imepatikana mbali kabisa, Great Zimbabwe.

Lakini bandari ile ile ina mwaka 1505, Wareno walipoipora na kuanza kujenga ngome. Ina mwaka 1776, Mfaransa aitwaye Morice alipowekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Biashara hiyo iliendelea karne iliyofuata kupitia Kilwa Kivinje, hadi Sultani Barghash wa Unguja alipotia saini mwaka 1873 kuifunga njia ya bahari. Waliouzwa walitembea kutoka bara ya kusini, kina mama na watoto, na bandari hii ndiyo ilikuwa mwisho wa nchi waliyoijua.

Najua Waislamu wengi hatupendi habari hii itajwe, kwa sababu imetumiwa mara nyingi kutupiga nayo, na wanaoitumia husahau nani alikuwa mnunuzi. Lakini uadilifu tulioamrishwa unatutaka tushuhudie haki hata kama ni dhidi ya nafsi zetu. Kurudisha mandhari ya bandari kwa kuchagua mwaka wa sultani mkarimu na kuufuta mwaka wa mkataba ni kusema uongo kwa mawe na miti. Kijana wa Mbingu ana haki ya kufika Kilwa akaoneshwa vyote viwili: mahali mfalme alipovua nguo yake kwa ajili ya maskini, na mahali maskini alipopandishwa chomboni. Na pia aambiwe yale yasemwayo na masimulizi ya kale ya Kilwa yenyewe, kwamba kisiwa kile kilinunuliwa kwa nguo kutoka kwa mtu wa bara aliyekimiliki. Iwe ni kisa au ni historia, maana yake ni kwamba watu wa Kilwa walikubali kuwa mwenyeji alikuwepo kabla yao na alistahili kulipwa.

Sura ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo ni ya wenyeji wa leo. Kilwa Kisiwani si kisiwa kitupu. Kuna kijiji, kuna watoto wanaotoka madrasa, kuna wavuvi, kuna kina mama wanaokwenda pwani maji yakitoka. Unapomwambia mtu huyu asikate mikoko kwa sababu inalinda Gereza, umemwondolea boriti ya nyumba yake na kuni za chakula chake. Unapomwambia asitumie mawe ya magofu, ni sawa, lakini ajenge kwa nini? Na tazama mtego uliopo: chokaa ya asili inayoponya kuta inahitaji magogo ya kuichoma. Fundi wa hifadhi anaruhusiwa kuunguza mti ili kuokoa ukuta, na mama wa kijijini anakatazwa kuunguza mti ili kuivisha ugali. Hilo lazima lielezwe kwa wenyeji, na kuni za tanuri zitafutwe mahali pengine, vinginevyo ni dhulma hata kama inafanywa kwa nia njema.

Wanazuoni wetu wa fiqhi wametuachia kanuni kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara yaliyo mfano wake. Kanuni hiyo ifungwe kwenye kila mradi wa hifadhi. Bahari kumeza msikiti ni madhara. Mvuvi kukosa mahali pa kupandisha mashua yake ni madhara. Huwezi kuondoa la kwanza kwa kuleta la pili ukasema umefanya wema.

Tuna mifano ya jirani. Unguja, bustani ya Forodhani ilitengenezwa upya na Aga Khan Trust for Culture na kufunguliwa mwaka 2009. Wauza vyakula waliondolewa wakati wa kazi, kisha wakarudi chini ya utaratibu mpya. Wapo walionung'unika kuhusu utaratibu huo, lakini jioni ukipita pale unawakuta watoto wa mji wakijirusha majini kutoka ukutani na familia zimekaa kwenye nyasi. Forodha imebaki ya watu wake. Lamu kulikuwa na kesi ya namna nyingine, iliyohusu bandari mpya. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76 kwa sababu ujenzi uliharibu mahali pao pa kuvulia. Ninachokichukua kwenye hukumu hiyo ni kwamba mahakama iliiona bahari ya mvuvi kuwa ni mali, kama shamba la mkulima lilivyo mali. Wanaohifadhi na wanaojenga wote wapaswa kuanza na kukiri huko.

Kilwa nayo sasa imo katika mabadiliko. Magofu yalikabidhiwa TAWA, meli za watalii zimefika, na ng'ambo ya mlango wa bahari, Kilwa Masoko, jiwe la msingi la bandari kubwa ya uvuvi liliwekwa mwaka 2023. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaikata barabara ya kusini pale Somanga, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Bahari imetukumbusha kuwa haisomi mipango yetu. Kila ufukwe usio na mikoko utalipa.

Kwa hiyo kijana wangu wa Mbingu nilimjibu hivi. Kurudisha mandhari ya Kilwa ni wajibu, lakini wajibu huo una masharti. Wa kwanza kunufaika awe yule anayelala kisiwani, kabla ya anayekuja na kamera. Kiingilio kinacholipwa kwenye msikiti wa waqfu kionekane kwenye kisima na zahanati ya kijiji, na hesabu yake isomwe hadharani. Anayekatazwa kukata mikoko apewe miti mingine ya kupanda kwa ajili ya boriti na kuni, na apewe kabla ya kukatazwa. Na historia isemwe yote.

Akaniuliza tena, "Na kalvati letu, mwalimu?" Nikamwambia kalvati letu ni haki yetu na tuendelee kulidai, wala hakuna aliyetuomba tulitoe sadaka kwa ajili ya Kilwa. Serikali inayosema haina fedha ya kalvati kwa sababu imehifadhi magofu haisemi kweli. Magofu yale yalihifadhiwa zaidi kwa fedha za wengine. Masikini wawili wasigombanishwe kwenye sahani ambayo hakuna kati yao aliyeijaza.

Kwenu wasomaji wa mijini nina ombi moja. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mtu mwenye mche mkononi aupande hata kama Kiyama kinasimama. Mbegu ya mkoko ni ndefu kama kalamu. Maji yakikupwa unaichomeka kwenye tope, na kazi yako imekwisha. Kamati za misikiti ya Dar es Salaam, Tanga na Morogoro zinaweza kuanzisha waqfu wa mikoko Kilwa, kwa makubaliano na wanakijiji na kwa kuwalipa vijana wao kuitunza. Mti huo utalinda kibla kilichoelekezwa karne nyingi kabla yetu, utazaa kaa na kamba kwa mvuvi, na thawabu yake itaendelea wakati sisi tumeshasahaulika.

Allah atujaalie kuwa wenye kutunza amana za waliotangulia bila kuwadhulumu waliopo. Amin.